Mwaka wa Soja na Mchelewaji

Siku Daktari aliponiambia nimfungue Soja macho zaidi, nilikuwa na bisibisi mkononi, na ningeweza kuiweka mezani. Hilo ndilo jambo ninalolirudia kila siku. Sikuwa nimefungwa, sikuwa na njaa, hakuna aliyenitisha. Alisimama mlangoni mwa kile chumba chetu cha mitambo, Kawangware 46, Nairobi, shati jeupe, funguo za gari zikizunguka kidoleni, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba asogezewe kiti, "Mutua, wageni wanakuja Alhamisi. Hii mashine imenyamaza sana. Ifungue kidogo ianze kuongea. Wakienda, unarudisha." Halafu akaongeza, "Na huyo rafiki yako usimwambie. Huyo ana kichwa ngumu." Nilipaswa kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto wa nasari analijua. Mimi nikasema, "Sawa, Daktari," na kabla hajafika kwenye gari lake nilikuwa nimeshainama juu ya mashine, nikizungusha skrubu.

Ninayaandika haya kwa sababu Odhiambo, rafiki huyo, amekufa, na kwa sababu juzi, kwenye ibada ya kumuaga kule Soweto West, Daktari huyo huyo, mvi kichwa kizima, alishika maikrofoni mbele ya watu akasema marehemu "alikuwa fundi mwangalifu, mtu wa kuaminika." Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa ya hema, kwenye kiti cha plastiki, kikombe cha chai mkononi, na nilikibana kwa hasira mpaka chai ikanimwagikia suruali. Mwangalifu! Mdomo ule ule uliomfukuza kazi kwa uzembe ndio huo ulikuwa unamsifu, sasa kwa kuwa yumo sandukuni hawezi kujibu. Watu wakaitikia, mama mmoja akapangusa machozi. Jina la Daktari silitaji humu. Limekwisha kuandikwa kwenye kadi za mialiko vya kutosha. Lakini nisijifanye kwamba hasira yangu yote ilimwendea yeye. Kama angesema ukweli pale, angelazimika kunitaja mimi, nami nilishukuru kwamba hakunitaja. Nilishukuru! Uzee haujaniondolea woga ule hata kidogo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Chuo kimoja, ambako Daktari alikuwa mhadhiri, kilikuwa kimeweka mitambo yake juu ya paa la shule ya ufundi ya kanisa, kule 46, kwa sababu jengo lile lilikuwa refu na padri hakutaka kodi. Nieleze kazi ilikuwa nini, maana bila hiyo kosa langu halieleweki. Kutoka angani hushuka chembe ndogo kuliko vumbi lolote, wakati wote, zikapenya mabati, vichwa vyetu, na sufuria ya sukuma wiki jikoni, na hakuna anayehisi. Wasomi walitaka kujua zile zinazoshuka kwa kundi, nyingi kwa mpigo mmoja. Basi pale juu tulikuwa na sahani tatu za plastiki maalumu, zimefungwa kwa karatasi nyeusi mwanga usiingie. Chembe ikipita, plastiki inatoa mmweko hafifu, jicho la kioo lililobanwa pembeni linauona, linatuma umeme kidogo kwenye waya mpaka chumbani. Lakini macho yale yalikuwa na wasiwasi kama mlevi. Mabati yakipata joto, yalipiga kelele hata pasipo na kitu. Kwa hiyo chumbani kulikuwa na kifaa cha kuamua. Kilingoja habari za sahani zote tatu. Zikifika pamoja, katika kipande cha muda kifupi mara elfu nyingi kuliko kupepesa jicho, kilifungua mlango na tukio likahesabiwa kwa mlio mmoja. Moja ikija peke yake, au moja ikichelewa, kilifukuza zote. Wasomi walikiita kwa jina la Kiingereza la kile kidude cha kufyatulia bunduki. Odhiambo akakiita Soja, yaani askari. "Ni soja wa geti, omera," alisema, akiniita ndugu kwa Kijaluo. "Hakuulizi wewe ni nani. Anaangalia tu kama mmekuja pamoja."

Sisi wawili tulikuwa watu wa kidato cha nne, mafundi wa redio. Mimi nilikuwa na kibanda Kawangware, sehemu ya Kongo, yeye akitengenezea redio chumbani kwake Soweto West, na chuo kilituajiri sote wawili siku ile ile kwa sababu tulijua kushika chuma cha kulehemu nyaya bila kuunguza kitu. Kazi yetu ilikuwa kutunza wakati wa Soja. Umeme nao hutembea, na waya mrefu huuchelewesha, kwa hiyo ilikuwa lazima nyaya tatu ziwe sawa kwa urefu hata kama sahani moja ilikuwa karibu na nyingine mbali. Waya wa ziada tuliuviringisha ukakaa chini ya meza kama chatu aliyeshiba. Kila asubuhi mmoja wetu alipanda juu akawasha kijitaa cha majaribio kilichomulika sahani zote kwa pamoja, na mwingine chumbani akaangalia kama zimefika pamoja. Hilo lilikuwa jaribio jepesi. La kweli lilikuwa la Jumatatu. Aliye juu aliunga kipande kirefu cha waya kwenye sahani moja ili habari yake ichelewe makusudi, kisha akawasha kijitaa. Soja akiwa mzima, alikataa. Soja akikubali, ujue mlango wake umeachwa wazi mno na anaingiza hata wapita njia. Waya ule tuliuita Mchelewaji.

Odhiambo alikuwa na sauti ya mhubiri. Alipokuwa juu, Kawangware nzima ilijua ni Jumatatu. "Mchelewaji yuko mlangoni!" Nami chini, macho kwenye taa nyekundu, ambayo huwaka Soja akikubali tu, najibu, "Soja amekataa!" "Amemwambia aje?" "Amemwambia arudi Kisumu!" Tukibadilishana, mimi juu na yeye chini, jibu lilikuwa, "Amemwambia arudi Machakos na muthokoi yake!" Mama aliyeuza mandazi getini aliwahi kumwuliza padri kama wale vijana wa mashine wana akili timamu. Tulikuwa na sharti moja tulilojiwekea wenyewe, hakuna aliyetuagiza: wiki hii wewe juu, wiki ijayo mimi, ili kila mmoja amwone Soja akikataa kwa macho yake. Daktari hakujua hata kama sharti hilo lipo. Tulilipenda kama watu wanavyopenda dini.

Mchana tulikula pamoja pale pale, kati ya mitambo, jambo lililokatazwa. Mimi nilileta muthokoi, mahindi yetu Wakamba ya kukobolewa, katika mkebe wa mafuta ya Kimbo, yeye dagaa wa omena wa kukaanga waliofungwa ndani ya gazeti, na tulipokezana kijiko kimoja kwa sababu cha pili kilitumbukia katika ufa wa ukuta. Jumamosi nilikwenda kwake. Chumba chake kilikuwa karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe vilicheza kwenye rafu, naye Atieno, mkewe, aliyekuwa mjamzito, alivishika kwa mkono mmoja bila kuacha kusonga ugali. Kuta zilikuwa zimebandikwa maboksi, na juu ya maboksi redio za watu, zimeachwa wazi, matumbo nje. Kutoka ng'ambo ya mabati tulisikia majirani wakinong'ona kwa sauti ambayo haikuwa ya kunong'ona: "Huyo ni Odhiambo wa mashine ya university. Ukimpea redio, inarudi kama mpya. Hakudanganyi. Akisema imekufa, imekufa." Odhiambo alijifanya hajasikia, lakini nilimwona akikaa wima. Hakuwa na kiwanja, hakuwa na cheti zaidi ya kile cha shule. Alichokuwa nacho ni hicho: akisema imekufa, imekufa.

Na mimi? Mimi nilisikia maneno mengine. Siku moja, nikiwa nimelala chali chini ya meza nikifunga nyaya, Daktari alikuwa kwenye ngazi na mwenzake kutoka chuoni. Walizungumza juu ya nafasi moja ya fundi kwenda ng'ambo kusomea mitambo hii. "Tuko na wawili," Daktari alisema. "Huyo Mjaluo anajua kazi, lakini ana maneno mengi. Mkamba ndiye mtu wa kuelewa." Mtu wa kuelewa. Nililala pale chini na mavumbi usoni, nikatabasamu kama mjinga. Leo najua maana yake. Mtu wa kuelewa ni mtu ambaye huhitaji kumweleza. Unamwonyesha tu mlango ulipo, na anajiingiza mwenyewe kwenye uchafu wako, kisha anakushukuru kwa kumwamini. Nimewaona wengi wa aina hiyo tangu siku zile, maofisini, makanisani, na kila nikimwona mmoja natamani kumpiga kofi, kisha nakumbuka ni nani wa kuanza naye.

Wageni walikuja Alhamisi, wafadhili, na Madam akiwa pamoja nao, mtaalamu wa Kizungu aliyefunga mitambo ile mwanzoni. Soja alikuwa amefunguka macho: ile skrubu ilikuwa imerefusha kipande chake cha muda. Kelele za mabati zilikuwa zinakutana zenyewe kwa bahati tu, na kila zikikutana aliwafungulia. Mahali palipokuwa na mlio mmoja baada ya kimya kirefu, sasa palikuwa na tik, tik, tik kama mvua ya kwanza. Wageni walisimama wameduwaa. Daktari akapanua mikono akasema anga la Nairobi ni tajiri. Anga la Nairobi! Odhiambo alikuwa ametumwa mjini kununua vipuri, nami nilijua kwa nini ametumwa. Madam alitazama kihesabio, akakunja uso kidogo, akaondoka na wenzake.

Ijumaa nilishika bisibisi nirudishe. Daktari akanizuia. "Wacha hivyo. Wamefurahi, na wanataka tarakimu za miezi zikiwa vivi hivi. Kwani unaharakisha wapi?"

"Jumatatu Odhiambo atajua, Daktari. Ni zamu yake kukaa chini."

Alinitazama kama mtu anayemsubiri mtoto amalize hesabu rahisi. "Basi Jumatatu uwe wewe ndiwe uko chini."

Nikamwambia Odhiambo nina kizunguzungu, nikipanda ngazi dunia inazunguka. Hakuuliza mara mbili. Alibeba waya begani akapanda. Jumatatu ile, kwa mara ya kwanza, aliita, "Mchelewaji yuko mlangoni!" na mbele ya macho yangu taa nyekundu ikawaka. Soja alikuwa amemkaribisha Mchelewaji kama mjomba. Nikaita, "Soja amekataa!" Kutoka juu akacheka: "Amemwambia aje?" Nami, Mungu anisamehe, nikamalizia mchezo. "Amemwambia arudi Kisumu!"

Wiki iliyofuata vivyo hivyo, na iliyofuata. Mvua zikaanza, ngazi ikawa na utelezi, na bado alipanda yeye, koti la plastiki likipigapiga miguuni, kwa sababu rafiki yake alikuwa mgonjwa. Akaniletea majani ya mwarobaini ambayo Atieno alikuwa amenichemshia, ndani ya chupa ya soda, akasimama mbele yangu mpaka nimalize. "Kunywa yote, buda. Usiteme. Hiyo kizunguzungu itakimbia yenyewe." Nilikunywa. Sijawahi kuonja kitu kichungu namna ile, na nilikinywa Jumatatu hata Jumatatu kwa ugonjwa ambao sikuwa nao, huku yeye akinitazama kwa huruma. Siku moja, akijipangusa mvua usoni, alisema, "Lakini hesabu zimepanda sana, omera. Kuna kitu hakiko sawa hapa. Hebu leo nikae chini mimi, nione."

"Uone nini? Si umenisikia? Mchelewaji anakataliwa kila wiki."

Akafikiri. "Ni kweli," akasema. "Nimekusikia." Akachukua waya wake. Hapo ndipo ningeweza kusema. Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa, mvua inapiga mabati hivi kwamba hakuna ambaye angesikia. Angenitukana kwa Kijaluo, angenizungushia ile skrubu mwenyewe, na jioni tungekula ugali. Sikusema.

Madam alirudi bila kutangaza. Alikuwa ameziangalia zile tarakimu kwao na hakuzipenda. Ilikuwa Jumatatu. Odhiambo alikuwa ameshapanda, hakujua kuna mgeni. Madam akavuta kiti akaketi kando yangu mbele ya taa, mikono mapajani, akangoja. Kutoka juu ikaja ile sauti ya mhubiri: "Mchelewaji yuko mlangoni!" Taa ikawaka. Madam akaitazama taa, akanitazama mimi. "Mutua!" Odhiambo akaita. "Soja amesema aje?" Taa ikawaka tena. "Mutua? Uko sawa? Ni kizunguzungu?" Nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi haraka haraka. Alikuwa anakuja kuniokoa.

Aliingia amelowa maji, akamwona Madam, kisha akaiona taa. Hakuhitaji kuelezwa. Daktari alifika muda si mrefu, akakaa upande wa Madam, akazungumza Kiingereza kirefu chenye huzuni, ambacho mwisho wake ulikuwa huu: ukaguzi wa Soja ulikuwa dhamana ya Odhiambo, na Odhiambo alikuwa mzembe. Hilo la dhamana lilikuwa kweli. Yeye alikuwa mkubwa wangu kwa cheo, ingawa hakuwahi kunikumbusha.

"Mutua, waambie," Odhiambo akasema. Hakuwa na hasira bado. Alidhani ni jambo dogo, la kunyoosha. "Si ni wewe umekuwa hapa chini? Waambie kila Jumatatu ulikuwa unaona nini."

Daktari hakunitazama hata mara moja. Alijua mtu wake. Nikaangalia chatu wa nyaya chini ya meza, nikasema, "Mimi nilikuwa naita nilichoona. Labda imebadilika juzi. Mimi sikushika skrubu."

Odhiambo aliviringisha Mchelewaji polepole, duara juu ya duara, akafunga ncha kwa uzi kama tulivyozoea, akamweka mezani. Alipofika mlangoni akageuka. Nilitegemea matusi, ningeyapokea kwa furaha. Aliniuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo.

"Na ile mwarobaini, ulikuwa unakunywa ya nini?"

Alifukuzwa siku ile ile. Nafasi ya ng'ambo haikuja kamwe. Wafadhili walijitoa, sahani zikashushwa, padri akafuga kuku kwenye chumba cha Soja, na Daktari akapanda cheo chuoni kwa njia ninazoweza kuzikisia. Nikarudi kwenye kibanda changu Kongo. Odhiambo aliomba kazi kwenye kampuni moja ya mitambo. Wakapiga simu chuoni kuuliza habari zake, na wakajibiwa. Kwingine ikawa vivyo hivyo. Habari zikafika mpaka Soweto West. Mtu aliyefukuzwa kwa kutojua kama mashine yake ni nzima, utampa redio yako? Nilikwenda kwake mara kadhaa. Atieno alisimama mlangoni na mtoto mgongoni. "Hayuko," alisema, na nyuma yake nilisikia redio ikijaribiwa, stesheni moja, kisha nyingine, kisha ikizimwa. Nikaacha kwenda. Hilo nalo nililiita heshima, kumbe lilikuwa woga ule ule umevaa koti jingine.

Juzi nilikwenda nikiwa nimekata shauri. Nilikuwa nimevaa suti, nimepanga maneno yangu: ningesimama mbele ya watu wake wote, mbele ya Daktari, niseme ni nani aliyezungusha skrubu na kwa amri ya nani. Kabla ibada haijaanza, akanijia kijana mrefu mwenye mabega ya Odhiambo. Ni yule aliyekuwa tumboni mwaka ule.

"Sasa, mzee. Wewe ndiwe Mutua?"

"Ndiyo mimi. Pole sana, kijana wangu. Nilikuwa naomba dakika chache za kuongea juu ya baba yako."

Akanishika kiwiko kwa adabu, akanipeleka mpaka kwenye kiti cha nyuma. "Mzee wangu alikuwa amesema utakuja. Alisema ukija upewe chai na mandazi, ukae vizuri, usisumbuliwe. Lakini maikrofoni usipewe."

"Alisema ni kwa nini?"

Nadhani alinionea huruma, kama baba yake. "Alisema ukisimama useme, nani atajua kama ni kweli?"

Akaniletea chai. Daktari akapewa maikrofoni kwa sababu ni mtu mkubwa, akasema uongo mzuri, na watu wakaamini. Nilikuwa na ukweli wote mfukoni na sikuwa na ruhusa ya kuutoa. Wala simlaumu marehemu. Alinijaribu kwa Mchelewaji, akapata jibu lake, na mtu akishapata jibu hana haja ya kujaribu tena. Kijana alinisindikiza mpaka barabarani, akanishukuru kwa kuja, akarudi kwa wafiwa.

Niseme basi "sawa" yangu ile ilinigharimu nini. Ilimgharimu Odhiambo kazi yake na jina lake, na hayo hakuyapata tena mpaka kufa. Mimi ilinigharimu Odhiambo mwenyewe, mtu pekee maishani mwangu aliyewahi kulichukua neno langu kama lilivyo, akiwa juu ya paa kwenye mvua, bila kushuka ngazi kuja kuangalia.